Jicho Linapovaa Bandeji

Wapo wagonjwa wa PRK wanaotoka chumba cha upasuaji wakiisoma saa ya ukutani bila miwani, wakashangilia, kisha siku ya tatu wakampigia daktari simu kwa hofu. Maumivu yamepungua, ndiyo, lakini maandishi yameingia ukungu kuliko juzi. Daktari hashtuki. Akiwa amefanya kazi yake vizuri, pengine alishawaonya kwamba siku hiyo itafika.

PRK ndiyo operesheni kongwe ya kurekebisha uoni kwa leza iliyo maarufu leo. Katika LASIK, operesheni nyingine ya leza, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, yaani ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, hukifunua, huchonga chini yake, kisha hukirudisha. PRK haina kifuniko. Utando wa seli unaofunika konea huondolewa kabisa ili leza ifike kwenye tabaka linalofuata. Utando huo una unene wa mikrometa 50 hivi, mwembamba kuliko unywele, lakini ukiondoka huacha kidonda cha duara chenye upana wa milimita 8 au 9. Kidonda hicho kiko mahali penye miisho mingi ya neva kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili, na kope hupita juu yake kila mtu anapopepesa.

Kwa hiyo, kabla mgonjwa hajainuka kitandani, daktari humvisha lenzi ya bandeji, yaani lenzi laini isiyo na nguvu yoyote ya kurekebisha uoni. Haina dawa pia. Kazi yake ni kukaa kati ya kope na kidonda ili seli zifanye kazi bila kusuguliwa.

Na seli zenyewe hazipotezi muda. Saa chache tu baada ya operesheni, zile za ukingoni huachia mshiko wake, hulala bapa na kuanza kutambaa kuelekea katikati. Mwendo wake ni takribani mikrometa 60 kwa saa. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe: kutoka ukingo hadi katikati ni milimita 4 na ushei, sawa na saa 70 hivi, yaani siku tatu. Hapo ndipo penye siri ya simu ile ya siku ya tatu. Seli zinazotoka pande zote hukutana karibu na katikati ya konea, mbele kabisa ya mboni, na mahali zinapokutana hujikunja kuwa tuta dogo lisilo laini. Mwanga ukipita hapo hutawanyika. Uoni hufifia kwa sababu kidonda kinafunga.

Leza nayo ina sehemu yake katika hadithi hii. Mwaka 1981, Rangaswamy Srinivasan wa maabara ya IBM nchini Marekani alijaribu leza ya mwanga wa urujuanimno kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Mkato ulitoka safi, bila nyama kuungua pembeni. Seli zinahitaji sakafu ya namna hiyo ili zitambae. Kwenye tishu iliyochomwa zingekwama. Mwaka 1988 Marguerite McDonald alifanya PRK ya kwanza kwenye jicho la binadamu lililokuwa bado linaona, na mwaka 1995 Marekani ikairuhusu rasmi.

Ugumu mkubwa wa lenzi ya bandeji umekuwa hewa. Konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake huipata hewani kupitia machozi, na usiku kutoka kwenye mishipa iliyo ndani ya kope. Lenzi laini za kwanza, alizozitengeneza Otto Wichterle mjini Prague mwaka 1961 kwa mashine aliyoiunda nyumbani kwa vipande vya mchezo wa watoto, zilipitisha oksijeni kupitia maji yaliyomo ndani yake, na hiyo haikutosha kwa jicho lililofumba usiku kucha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaingia sokoni lenzi zenye silikoni, ambayo hupitisha oksijeni vizuri zaidi kuliko maji. Ndizo zinazotumika sana leo.

Hata hivyo lenzi juu ya kidonda ni makao mazuri kwa bakteria, na ndiyo maana matone ya antibiotiki hayakosekani. Lenzi ikidondoka, isiokotwe na kurudishwa jichoni, daktari aitwe. Wengine huomba wapewe dawa ya ganzi waende nayo nyumbani. Ombi linaeleweka, kwani saa 48 za mwanzo zinauma kwelikweli, lakini ganzi ikitumiwa ovyo huzizuia seli kutambaa na inaweza hata kuiharibu konea yenyewe.

Siku ya nne au ya tano daktari hukagua kidonda kwa hadubini ya macho. Kikiwa kimefunga, hulowanisha lenzi kwa matone hadi ielee, kisha huitoa taratibu. Akiivuta ikiwa kavu, anaweza kuung'oa utando mpya, kwa kuwa seli zilizofika bado hazijajishikiza barabara. Mshiko huo huchukua wiki kadhaa. Tuta la katikati hulainika polepole, uoni hupanda na kushuka, na miwani ya jua huendelea kuvaliwa kwa sababu urujuanimno unaweza kuchangia kovu la ukungu. Kipimo cha kuamua kama jicho linahitaji marekebisho zaidi husubiri miezi kadhaa.