MELEZE SI KITU YA KUCHEZEA



Wengi waliuliza sababu gani atelie ilifungwa siku nane nyuma ya salongo ya mwisho. Wengine walisema kapita amekuwa mkali bure. Basi leo nitaeleza mambo yenyewe, na nitaanza na kosa langu mimi.

Siku ile tulikuwa tunakata vyuma vya kutengeneza mapupitri ya darasa la kwanza. Tulitumia meleze, ile mashine ya mkono ya kukata na kusaga chuma. Diski ndogo zikatuishia. Ndugu mmoja wa darasa la tano akapata diski kubwa ya milimita 230. Haikuingia, basi akatoa kifuniko cha kinga, akaifunga kwa mashine ndogo. Mimi nilishika ufunguo wa atelie. Nilimwona, nikanyamaza, maana alisema: «Muniachie, miye ninajua hii kazi.» Aliposhika tu chuma, diski ikapasuka. Kipande kimoja kiliingia katika ubao wa mlango, karibu na kichwa cha mtoto wa darasa la pili aliyepita na ndoo ya maji. Hakuumia. Lakini alama ingali pale mlangoni, mwende mutazame.

Sababu gani ilipasuka? Tufanye hesabu sawa katika fizikia. Tundu la katikati ni lilelile kwa diski ndogo na kubwa, karibu milimita 22, ndiyo maana diski kubwa inakubali kufungwa. Lakini mashine yetu ndogo inazunguka mara 11.000 kwa dakika, na juu ya diski ile imeandikwa 6.600, tena metre 80 kwa sekunde. Ukingo wake ni 0,23 × 3,14, ni kusema metre 0,72. Zidisha na 11.000, gawanya kwa 60: utapata metre 132 kwa sekunde. Nguvu ya kuipasua inapanda kwa mraba wa mwendo, basi ilikuwa inavutwa karibu mara 2,7 kupita kipimo chake. Haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa hesabu.

Tangu sasa kila mtu atakayeshika meleze afuate haya:

1. Mbele ya kufunga diski, utoe prizi. Soma namba ya diski na namba ya mashine. Namba ya diski isiwe chini ya ile ya mashine.

2. Tazama tarehe iliyopigwa kwenye pete ya chuma katikati ya diski. Ikipita, tupa. Diski iliyoanguka, iliyolowa maji ao yenye ufa, tupa vilevile. Diski ni ya bei, ndiyo, lakini jicho halina bei.

3. Kifuniko hakitoki hata siku moja. Kikae kati ya diski na wewe.

4. Diski nyembamba ni ya kukata tu. Usisage na ubavu wake, itavunjika. Kusaga kuna diski yake nene.

5. Funga chuma katika eto. Usikikanyage kwa mguu, wala mwenzako asikishike. Panga kazi ili kipande kinachokatwa kianguke upande wa nje. Kama mkato ukifunga na kubana diski, mashine inaruka nyuma kwako.

6. Shika kwa mikono miwili, usisimame mbele ya mstari wa diski. Kwanza uiache izunguke bure nusu dakika, wengine wakiwa mbali.

7. Lineti za kinga ni lazima, hata kwa «dakika moja tu». Shati iingie ndani, mikono ya nguo isining'inie. Esanse na unga wa mbao viwe mbali na cheche.

8. Umeme ukikatika, zima mashine palepale na utoe prizi. Hapa kwetu umeme unarudi bila kupiga hodi, na meleze iliyoachwa wazi itaanza kutembea yenyewe juu ya meza.

9. Usiiweke chini mpaka diski isimame kabisa.

Kama chembe ya chuma ikiingia katika jicho, usisugue, wala usikubali rafiki aitoe kwa ncha ya kitambaa ao kwa kijiti. Nenda dispanseri siku ileile, maana chuma kikikaa ndani kinaota kutu na kuharibu jicho.

Ndugu ninyi, najua kazi ni nyingi na mapupitri yamevunjika. Lakini mdogo wetu yule wa ndoo angali anapita mlangoni kila asubuhi, ananisalimia, na mimi nikimwona ninakumbuka kwamba nilinyamaza. Mkiniona nanyamaza tena, ninyi museme.

Kapita wa wanafunzi,
Darasa la sita