Darubini ya Mkokoni: Pesa Ziende Wapi?

Mkokoni, kijiji cha Wabajuni upande wa bara mkabala na kisiwa cha Kiwayu, bado kina giza la kweli usiku. Kiko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta, hivyo anga la kaskazini na la kusini yote mawili huonekana. Ni mahali pa kuweka kituo cha darubini kinachoendeshwa na watu walioko Nairobi au Mombasa. Lakini kununua vibaya ni rahisi mno.

Darubini ya Dobson yenye kioo cha milimita 200 huuzwa dola 500 hadi 700, na kwa kutazama kwa jicho sijui inayoishinda kwa bei hiyo. Ila husukumwa kwa mkono, na kwa kawaida bomba lake liko wazi mbele. Chumvi ya bahari itakula kioo. Kwa kazi ya mbali, haifai.

Wenye fedha hutamani darubini ya Schmidt-Cassegrain ya inchi 8. Inakusanya mwanga mara 14 hivi kuliko darubini ya milimita 50. Ongeza kitako chenye mota, kamera ya kupoza na kompyuta, utapita dola 4,000, yaani zaidi ya shilingi nusu milioni, kabla ya kujenga paa la kufunguka. Tena vitako vingi vya kufuata nyota vimeundwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani: havilali hadi nyuzi 2. Nyota ya Kaskazini nayo, ambayo vitabu huelekeza itumike kupanga kitako, Mkokoni iko chini ya upeo wa macho. Uliza kipimo cha chini cha kitako kabla ya kulipa hata senti.

Darubini ya Seestar S50, iliyotoka 2023 kwa takriban dola 500, ina lenzi ya milimita 50 tu, lakini kamera, mota na kompyuta vimo ndani ya kasha moja la kilo 2.5. Darubini za aina hii hulaumiwa kwa kuwa picha huzunguka nyota zinaposogea. Penye ikweta, nyota iliyo mashariki au magharibi kamili haileti mzunguko huo. Panga kazi upande huo, uache zinazopita utosini.

Gharama inayosahaulika ni umeme. Kituo cha mbali huhitaji intaneti, na ile ya setilaiti ya Starlink, iliyofika Kenya Julai 2023, hula wati 50 hadi 75. Kwa saa 12 hiyo ni nusu au zaidi ya betri ya risasi ya volti 12, Ah 100, na nusu ndiyo kiasi ambacho hupaswi kukivuka. Nunua betri ya lithiamu, na paneli zinazotosha hata siku za mawingu ya kusi. Wakati wa masika, kifaa kiwekwe ndani. Kazi kubwa ifanywe kaskazi.

Anayehitaji kioo kikubwa hana haja ya kukinunua. Las Cumbres Observatory ina darubini za mita 1 Sutherland, Afrika Kusini, na hutoa muda kwa miradi ya elimu. MicroObservatory ya Harvard na Smithsonian hupiga picha bure kwa yeyote anayeomba.

Kwa shule au kikundi chenye laki mbili na nusu, uamuzi wangu ni huu: Seestar, betri nzuri, na mshahara wa kijana wa Mkokoni wa kufuta chumvi kila asubuhi. Inchi 8 isubiri.