Busara katika Kupanga Madirisha ya Kompyuta



Mafrateri wenzangu na waamini wapendwa, mtu anayeandika insha kwenye kompyuta ya mezani mara nyingi hufungua mambo manne kwa pamoja: insha yenyewe, kitabu cha PDF, kamusi na barua pepe. Kila kimoja hukaa ndani ya dirisha lake. Programu inayoamua kila dirisha likae wapi, liwe na ukubwa gani na lipi liwe mbele ya jingine, tuiite programu ya kupanga madirisha. Wengi hatuitambui kwa sababu ilikuja pamoja na kompyuta. Lakini inaweza kurekebishwa, na pengine hata kubadilishwa. Je, tuchague ipi?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafundisha kwamba fadhila ya busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu lililo bora, na kuamuru litekelezwe. Tufuate hatua hizo hizo.

Kutafuta shauri

Kuna njia kuu mbili za kupanga madirisha. Ya kwanza ni ya kupandana: madirisha hulaliana kama karatasi juu ya meza, nawe huyasogeza kwa kipanya. Ya pili ni ya vigae: programu yenyewe huyapanga ubavu kwa ubavu, yakajaza skrini bila moja kulifunika jingine. Ukifungua dirisha jipya, yaliyopo hujibana ili kulipisha.

Njia ya vigae si ngeni. Katika Windows ya kwanza, iliyotoka mwaka 1985, madirisha ya programu hayakuweza kupandana. Uwezo huo ulikuja na toleo la pili mwaka 1987, na kupandana kukawa ndiyo mazoea ya wengi.

Kwa anayetumia Windows 10 au 11, hatua ya kwanza haihitaji kusakinisha chochote. Shika kitufe cha Windows na mshale wa kushoto: dirisha litachukua nusu ya kushoto ya skrini. Fanya vivyo hivyo kwa mshale wa kulia kwa dirisha la pili. Ukibonyeza Ctrl, Windows na D kwa pamoja, unapata meza mpya tupu. Ctrl, Windows na mshale hukuhamisha kutoka meza moja hadi nyingine. Anayetaka zaidi anaweza kusakinisha PowerToys, programu ya bure ya Microsoft, ambayo ndani yake kuna FancyZones ya kugawa skrini katika sehemu unazochora mwenyewe.

Kwenye Linux uchaguzi ni mpana zaidi. Xfce ni mazingira kamili, yenye menyu na upau, nayo hutumia kumbukumbu kidogo, hivyo inafaa kompyuta za zamani. Openbox ni nyepesi zaidi, ila inakuachia kazi ya kuongeza mengine mwenyewe. Kwa njia ya vigae ipo i3, iliyoanza mwaka 2009, inayoendeshwa hasa kwa kibodi. Mipangilio yake huandikwa katika faili moja la maandishi. Ndugu yake ni Sway, inayofuata mtindo wa i3 lakini imejengwa juu ya Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini unaochukua nafasi ya ule wa X ulioanzia MIT mwaka 1984. Basi, kabla ya kuchagua kati ya hizo mbili, angalia kwanza kama Linux yako inatumia X au Wayland.

Kuhukumu lililo bora

Chombo ni kwa ajili ya lengo. Hatuwezi kusema programu ipi ni bora kabla ya kusema kazi ni ipi, kama vile hatuwezi kusema jembe ni bora kuliko panga bila kujua shamba linahitaji nini. Nashauri maswali matatu.

Kwanza, kazi yako ni ya namna gani? Mfikirie katibu wa parokia anayenakili majina ya wabatizwa kutoka orodha ya katekista kwenda kwenye jedwali. Madirisha mawili yakipandana, anasoma jina, analificha, kisha anaandika kwa kukumbuka. Herufi moja ikikosewa, muumini atakuja kuhangaika siku anapohitaji cheti cha ubatizo ili afunge ndoa. Madirisha hayo yakikaa ubavu kwa ubavu, macho yanaona yote mawili. Kwake, kitufe cha Windows na mshale vinatosha. I3 ingekuwa mzigo.

Pili, mashine ina nguvu kiasi gani? Kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, mazingira mepesi huziachia nafasi programu unazozihitaji kweli. Lakini hayatafanya kivinjari chenye kurasa thelathini kiwe chepesi.

Tatu, nani mwingine anaitumia? Hapa urahisi wangu unagusa haki ya mwenzangu. Anayeingia kwenye i3 bila kufundishwa hukuta skrini isiyo na menyu wala alama ya kubofya, hata kufungua programu hawezi. Katika kompyuta ya wote, basi, mazingira ya kawaida yabaki. Anayetaka i3 aombe ruhusa kwa msimamizi, isakinishwe kando, naye aichague kwenye ukurasa wa kuingilia kwa akaunti yake. Wengine hawataguswa. Tena tukumbuke kwamba meza ya pili si kufuli: barua ya siri iliyofichwa huko huonekana kwa kubonyeza vitufe vitatu. Ukiinuka kwenye kiti katika Windows, bonyeza Windows na L ili skrini ijifunge.

Kuamuru

Kwa Thoma, tendo hili la tatu ndilo kuu katika busara, na ndilo linalotushinda wengi. Mtu anaweza kumaliza jioni nzima akibadili rangi na mipaka ya madirisha, insha ikabaki na kichwa tu. Chagua programu moja, jifunze vitufe vitano vyake, uitumie wiki mbili kwa kazi yako ya kila siku. Ukiona unatafuta madirisha mara chache kuliko zamani, baki nayo. Ukiona unaishughulikia programu kuliko somo, rudi ulikotoka bila aibu.

Kama hujui uanzie wapi, anzia na kitufe cha Windows na mshale. Katika Linux, anzia na Xfce. Wengi hawatahitaji kwenda mbele zaidi ya hapo, na hilo nalo ni jibu jema.

Tuombeane.