Wepesi wa kimea, si wepesi wa maji

Wiki hii tunaingia jikoni. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya asubuhi inapouma hapa Lubumbashi, mtoto anataka kitu cha moto kabla ya kwenda shule. Wengi wetu tunashika kopo la Ovomaltine dukani, tunahesabu franka, kisha tunalirudisha mahali pake. Basi tujiulize: ndani ya kopo lile mna nini?

Ovomaltine ilianza kuuzwa huko Bern, Uswisi, mwaka 1904. Msingi wake ni shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, ikachanganywa na maziwa na kakao. Nafaka iliyooteshwa namna hiyo inaitwa kimea. Sisi hatulimi shayiri, lakini tuna mahindi, mtama na ulezi, na zote zinatoa kimea.

Kwa nini tusiongeze maji tu?

Uji mzito unamkwama mtoto kooni. Kwa hiyo tunaongeza maji mpaka ushuke vizuri. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linapokea karibu mililita 240 tu kwa mara moja. Likijaa maji, chakula hakina nafasi.

Tufanye hesabu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina karibu kalori 350. Ukipika gramu 50 za unga katika litre moja ya maji, bakuli la mililita 240 linampa mtoto kalori 42 hivi. Ukipika gramu 150, bakuli lile lile linampa kalori 126, yaani mara tatu. Shida ni kwamba uji wa gramu 150 ni mzito mno kwa mtoto kuunywa. Kimea ndicho kinachotatua shida hiyo: kinaulainisha uji bila kuupunguza nguvu.

Nafaka inapoota, inatengeneza amilasi, kitu kinachokata wanga vipande vidogo. Uji unakuwa majimaji na unapata utamu wake wenyewe, hata sukari inahitajika kidogo. Jambo hili si geni kwetu Katanga. Anayetengeneza munkoyo anatia mizizi katika uji wa mahindi, na uji mzito unageuka kinywaji. Mizizi ile nayo ina amilasi.

Kutengeneza kimea

Chukua kikombe kimoja cha mahindi au ulezi. Chagua punje nzima, toa zilizotobolewa na zenye ukungu. Osha, kisha loweka katika maji safi usiku mmoja; mahindi yapewe siku nzima. Mwaga maji, tandaza punje juu ya kitambaa safi chenye unyevu na uzifunike. Nyunyizia maji asubuhi na jioni, ukizigeuza. Baada ya siku 2 au 3 utaona chipukizi. Anika juani mpaka punje zikauke kabisa na zivunjike zikiumwa. Sugua kwa mikono ili vijizizi na chipukizi vitoke, pepeta, kisha saga. Weka unga huo katika chupa kavu yenye kifuniko.

Kupika

Kwa litre moja na nusu unahitaji:
- kikombe kimoja cha unga wa mahindi (gramu 150 hivi);
- litre moja ya maji;
- vijiko vikubwa 2 vya unga wa kimea;
- nusu litre ya maziwa yaliyochemshwa, au maziwa ya poda yaliyokorogwa kwa kipimo cha kopo lake;
- kipande cha tangawizi kama kidole gumba, na kijiti kidogo cha mdalasini.

Ponda tangawizi, uichemshe pamoja na mdalasini katika maji hayo, kisha chuja. Koroga unga kwanza na maji kidogo ya baridi, umimine katika maji yanayochemka, upike mpaka uji uive na kuwa mzito. Usiogope uzito huo.

Sasa teremsha sufuria kutoka mbabula, ungoje karibu dakika 10. Hatua hii ndiyo inayoamua kazi yote. Amilasi inafanya kazi katika uji wa moto usiochemka, kama digrii 60 hadi 70. Ukiitia katika uji unaotokota, inakufa kabla ya kufanya kazi. Tia kimea, koroga, funika dakika 10. Ukifunua utaona kijiko kinazunguka bila shida.

Rudisha sufuria kwenye moto, uchemshe dakika 5 ili kuua vijidudu vilivyokuja na kimea. Tia maziwa mwishoni, yapate moto, kisha gawa.

Mambo ya kuangalia sana

Mbegu za kupanda zilizopakwa dawa, mara nyingi zenye rangi nyekundu au kijani, ni sumu. Hata ukiziosha, usizitumie.

Chipukizi za mtama zina kitu kinachotoa sumu ya sianidi, ile ile ya muhogo mchungu usiolowekwa vizuri. Anayetumia mtama aondoe chipukizi na vijizizi vyote na achemshe vizuri. Kwa watoto wadogo ni afadhali kutumia mahindi au ulezi.

Kimea kinachonuka ukungu, au chenye madoa meusi au ya kijani, kitupwe. Wakati wa mvua, jua likikosekana siku mbili, usianze kuotesha.

Mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 anyonye maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo kinywaji hiki kinamsaidia, lakini anaendelea kunyonya. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, acha tangawizi na mdalasini, wala usitie asali. Kilichobaki kisilale mpaka kesho bila friji.

Kwa vikundi vyetu

Kuotesha kikombe kimoja kunachukua siku zile zile kama kuotesha ndoo nzima. Kwa hiyo kikundi cha wamama 10 kinaweza kuotesha pamoja mara moja, kusaga mara moja, na kila mmoja akarudi nyumbani na chupa yake. Katika mkutano ujao, pikeni sufuria mbili za uji mzito, moja mtie kimea, nyingine msitie. Pitisheni kijiko kila mama akoroge mwenyewe, tena muwaite mabinti wakubwa nao wajaribu, kwa kuwa mara nyingi ni wao wanaowapikia wadogo zao asubuhi.