Betri ya lithiamu ikigoma kuwaka, ipime kabla ya kununua nyingine

Mfugaji mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga anajua kuwa mayai ya kuku hukaa siku 21 kwenye joto la nyuzi 37 na nusu hivi. Umeme ukikatika siku ya 18 na betri ya akiba isiwake, hasara inayomkabili ni ya wiki tatu za kazi, pamoja na oda za wateja ambao baadhi yao wameshatoa fedha za awali. Katika hali hiyo si ajabu mtu akakimbilia dukani kununua betri nyingine.

Hapo ndipo fedha hupotea bure. Betri nyingi za lithiamu zinazotangazwa kuwa zimekufa huwa zimejifunga tu.

Betri hizi ambazo sasa zimeenea kwenye mifumo ya sola si sawa na zile za asidi. Ndani yake kuna seli zenye volti 3.2 kila moja. Betri ndogo huwa na seli nne, yaani volti 12.8, na zile kubwa za nyumbani huwa na seli 16, yaani volti 51.2. Juu ya seli hizo kuna kadi ya ulinzi ambayo mafundi huiita BMS. Kazi yake ni kukata umeme seli inaposhuka hadi volti 2.5 hivi, inapojazwa kupita kiasi, inapopata joto kali, au mzigo unapokuwa mkubwa mno.

Kadi ikishakata, mita ikiwekwa kwenye nguzo za betri itasoma sifuri au volti chache zisizoeleweka. Fundi aliyezoea betri za asidi akiona sifuri hutoa hukumu palepale kwamba betri imekwisha. Kwa betri ya asidi angekuwa sahihi. Kwa lithiamu, sifuri inaweza kumaanisha kuwa mlinzi amefunga mlango na seli zilizo ndani bado ni nzima.

Tatizo huwa gumu zaidi kwa sababu kontrola nyingi za sola hazianzi kuchaji mpaka zione volti za betri kwanza. Betri inasubiri kuchajiwa ili ifunguke, na kontrola inasubiri betri ifunguke ndipo ichaji. Jua linaweza kuwaka wiki nzima na paneli zikawa nzima, lakini betri isipate kitu.

Kabla ya kufika huko, yaanze yale mepesi. Betri nyingi kubwa zina kitufe cha kuwashia ambacho lazima kibonyezwe kwa sekunde kadhaa. Breka huweza kuwa imeshuka, fyuzi imeungua au nati ya waya imelegea. Zima vifaa vyote, kisha pima volti kwenye nguzo za betri, halafu baada ya breka, halafu mahali waya unapoingia kwenye inveta. Mahali volti zinapopotea ndipo penye kasoro. Betri ikisoma volti 13 na inveta ikasoma sifuri, kununua betri mpya hakutasaidia lolote. Mita ya kawaida ya kupimia haizidi bei ya trei chache za mayai, na mfanyabiashara anayetegemea sola hana sababu ya kukosa ya kwake.

Iwapo nguzo zenyewe zinasoma sifuri, tenganisha mzigo wote na uiache betri dakika kadhaa. Kadi iliyokata kwa sababu ya mzigo mkubwa mara nyingi hujifungua yenyewe. Iliyokata kwa sababu ya njaa huhitaji chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuamsha betri iliyojifunga. Wapo mafundi wanaoiunganisha kwa muda mfupi na betri nyingine nzima ya volti zilezile. Njia hiyo hufanya kazi, lakini si ya kujaribiwa na mwenye duka: ukikosea chanya na hasi, au ukichanganya volti 12 na 24, unaweza kuwasha moto.

Upo ugonjwa mwingine unaofanana na huo. Betri inawaka vizuri, lakini inveta ikiunganishwa tu, inazima. Inveta huvuta mkondo mkubwa ghafla inapounganishwa mara ya kwanza, na kadi hudhani kuna shoti. Fundi mzoefu huijaza inveta taratibu kupitia kizuia mkondo, kisha ndipo anapandisha breka.

Betri ikiamka, chanzo kitafutwe, la sivyo itajifunga tena usiku unaofuata. Chanzo cha kawaida ni inveta iliyoachwa kwenye mpangilio wa asidi, ambao huruhusu betri ishuke hadi volti 10.5. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 ikifika 12 tayari imebakiwa na kidogo sana. Kuchaji nako kuishie kati ya volti 14.2 na 14.6, ile chaji ya kusawazisha ya betri za asidi, inayopita volti 15, izimwe kabisa.

Wenye pampu za kumwagilia wana kosa lao. Msimu ukiisha, betri hutupwa stoo ikiwa tupu, na kadi huendelea kunyonya kidogo kidogo kwa miezi. Betri ya kuhifadhiwa iachwe na chaji ya nusu, izimwe, na ipimwe mara kwa mara.

Hata hivyo, si kila betri ifufuliwe. Iliyovimba, iliyoingiwa na maji au inayotoa harufu itolewe nje ya jengo. Vivyo hivyo seli iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2: shaba iliyomo huweza kuyeyuka na kuleta shoti ndani kwa ndani inapochajiwa tena.

Betri iliyo ndani ya dhamana isifunguliwe na fundi wa mtaani, kwa kuwa lakiri ikikatwa muuzaji ana kisingizio cha kukataa dai. Mnunuzi aandike tarehe, volti alizosoma, taa zilizowaka na vifaa vilivyokuwa vimeunganishwa, kisha airudishe pamoja na risiti.