Sakafu ya mbao: ukavu kwanza, jina la mti baadaye

Anayejenga Dar es Salaam, Tanga au Morogoro na kutamani sakafu ya mbao huanza na swali la aina ya mti: mninga, mkongo, mtiki au paina? Kisha huuliza bei ya ubao mmoja, hupiga hesabu, hushtuka na kurudi kwenye marumaru. Naona hesabu hiyo imeanzia pabaya. Sakafu ya mbao huwa ghali kweli inapong'olewa na kuwekwa upya, na mara nyingi kinachoiharibu ni maji yaliyokuwamo ndani ya mbao, au ndani ya zege, siku fundi alipoanza kazi. Mwenye fedha za kubana anunue mbao fupi, zenye upana mdogo na zilizokauka sawasawa, za mtiki wa kupandwa, na aziweke katika vyumba vichache.

Mbao hunyonya na kutoa unyevu kufuata hewa iliyozizunguka. Katika mwambao wetu, ubao uliotulia ndani ya nyumba hubaki na unyevu wa takriban asilimia 14 au 15 ya uzito wake mkavu; Dodoma hushuka chini ya hapo. Ubao uliopasuliwa karibuni na kuanikwa wiki chache unaweza kuwa bado na asilimia 25. Mtiki ni miongoni mwa miti inayosinyaa kidogo, lakini hata huo ukishuka kutoka 25 hadi 14 hupoteza hadi asilimia 2 ya upana wake. Chukua moja kwa nne, ubao wa karibu sentimita 10: utapungua milimita 2. Sebule ya mita 4 ina safu 40 za mbao hizo, kwa hiyo nyufa zote kwa pamoja zinafika sentimita 8, na kila ufa ni njia ya mchanga, sisimizi na maji ya deki. Muuzaji akikuapia kwamba mbao zake ni kavu, usibishane naye. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye ncha, maana ncha hukauka mapema. Kipime kwa mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni kwa joto la nyuzi 100 hivi, na ukipime tena kila baada ya saa chache mpaka uzito uache kushuka. Kikianza na gramu 120 kikaishia gramu 100, unyevu ulikuwa asilimia 20, na mbao hizo bado. Zege nalo lina maji yake. Kanuni ya kawaida ni kuliacha likauke mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na hata baada ya hapo ubandike kipande cha nailoni sakafuni, ukizibe pande zote kwa utepe, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone kwa chini, au zege limegeuka jeusi, mbao zisubiri.

Upana mdogo unaingia hapa. Ubao wa sentimita 5 husinyaa nusu ya ule wa sentimita 10, hivyo ufa wake hauonekani sana, na bei yake huwa nafuu kwa sababu wenye viwanda vya samani hutafuta mbao pana na ndefu. Katika mashamba ya mtiki, kama Longuza huko Muheza, Mtibwa na Bonde la Kilombero, miti hupunguzwa kabla ya kukomaa ili iliyobaki ipate nafasi, na magogo hayo madogo ndiyo yanayotoa mbao za namna hii. Vipande vya futi mbili au tatu vinavyobaki kwa maseremala, vikipangwa mshazari, hutoa sakafu nzuri kuliko mbao ndefu zilizopinda. Tahadhari moja ni kubwa: mti mchanga una sehemu nyeupe nyingi kwa nje, na hiyo mchwa huila. Kinachowashinda mchwa ni kiini chenye rangi ya kahawia. Kagua ubao mmoja mmoja, na ardhi ipigwe dawa kabla ya kumwaga zege.

Wapo watakaosema lamineti ya dukani ni rahisi zaidi. Kwa bei ya siku ya kununua, mara nyingi ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya unene wake ni unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, na nyumba zetu hupigwa deki kwa ndoo. Maji yakipenya kwenye maungio, kingo huvimba na kuinuka, na ukizipitishia kidole unazihisi kama makovu. Huwezi kuzisugua, kwa sababu picha ya mbao iliyo juu ni utando tu. Ubao halisi wa milimita 20 unaweza kupigwa msasa na vanishi upya mara kadhaa. Hoja ya marumaru ni nzito zaidi, nami naikubali kwa jiko, bafu na baraza. Huko mbao hazina kazi. Paina wa Sao Hill ni rahisi, ila ni laini, na miguu ya kitanda huacha alama. Ningeuchagua kwa chumba cha kulala Njombe au Mufindi, ambako baridi ya saruji asubuhi ni adha ya kweli, mradi uwe umetiwa dawa.

Mninga na mkongo ni mbao bora, sibishi. Lakini hutoka misitu ya asili na hukua polepole mno, na mzigo wake ukiuzwa kwa bei ya kushangaza bila alama ya nyundo wala hati ya usafirishaji ya Wakala wa Huduma za Misitu, basi unafuu huo umelipwa na msitu.

Asiyeweza kuweka mbao nyumba nzima aanze na chumba kimoja, vingine vibaki na saruji iliyosuguliwa vizuri. Ila amweleze fundi mapema, kabla ya kumaliza sakafu, kwamba vyumba vitakavyowekewa mbao vishushwe kwa unene wa ubao na gundi yake, na kwamba kila ukuta uachiwe nafasi ya milimita 10 hivi, itakayofichwa na skatingi, ili mbao zikivimba wakati wa masika zipate pa kwenda.