Je, Wajua? Kazungula, mji wa daraja lililopinda

Kazungula ni mji mdogo wa Zambia kando ya Mto Zambezi, karibu na mahali Mto Chobe unapoingia. Ng'ambo iko Botswana, na jirani kabisa ziko Namibia na Zimbabwe. Mpaka wa Zambia na Botswana hapo hauzidi sana mita 150, miongoni mwa mifupi zaidi duniani! Kwa miaka mingi malori yalivushwa kwa pantoni, na foleni ya siku kadhaa ilikuwa jambo la kawaida. Mei 2021 lilifunguliwa daraja la mita 923, lenye nafasi ya reli katikati. Ukilitazama, limepinda kama upinde. Wahandisi hawakukosea: lilikwepeshwa lisiguse ardhi ya Zimbabwe.